Boriti za Nota: Mada kwa Walimu wa Kwaya wa Yaeda Chini



Katika mambo yamsaidiayo mwimbaji kuusoma wimbo mara ya kwanza, sidhani liko linalopuuzwa na waandishi wetu kuliko boriti, yaani ule mstari mnene unaofungamanisha vijiti vya nota fupi. Na jambo hili lina uzito zaidi hapa Yaeda Chini, ambako karatasi ya wimbo hutufikia kutoka Haydom au Katesh ikiwa ni fotokopi ya fotokopi, mistari yake imekwisha kushikana kwa wino.

Mafundi wa Ulaya waliochonga muziki juu ya bamba za madini walikuwa na kaida yakini: ncha ya boriti ama ikalie mmoja wa mistari inayobeba nota, ama ining'inie chini yake, ama mstari upite kati kwa kati, kwa kuwa ikielea pasipo kushika mstari hubaki kipembe cheupe chembamba ambacho wino hukijaza mara moja. Mmarekani Ted Ross alizikusanya kaida hizo katika kitabu chake cha mwaka 1970, na Elaine Gould wa Uingereza akazifafanua upya mwaka 2011. Unene wa boriti ni nusu ya nafasi iliyo baina ya mistari miwili, na pengo la boriti mbili ni robo yake. Boriti huinamia upande uelekeao sauti, lakini kwa upole: hata nota zikiruka oktavu nzima, mwinuko hauzidi nafasi mbili hivi, na nota ya kwanza na ya mwisho zikilingana, boriti hulala sawasawa.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kompyuta: programu ya kuandikia muziki ya LilyPond, iliyoanzishwa Uholanzi mwaka 1996, hupima mikao mingi ya boriti na kuuchagua wenye kasoro chache, na mwenzake MuseScore 4, iliyotolewa Desemba 2022 nayo haiuzwi, imeuboresha sana upangaji huo. Basi mwenye toleo la zamani na alibadilishe.

Ila kompyuta haijui wimbo unavyochezwa. Nyimbo zetu nyingi huenda kwa 6/8, mapigo mawili yenye nota tatu tatu, na mwandishi akiweka alama ya 3/4 kwa kuwa hesabu ya nota ni ile ile, boriti hazitafunga tena tatu tatu, na kwaya nzima itatia mkazo pasipo mahali pake, ijapokuwa kila nota imeandikwa sahihi. Aidha, wachapaji wa kale wa Ulaya waliipa kila silabi nota yenye kikia chake mwishoni mwa kijiti, wakaiacha boriti kwa silabi moja iimbwayo kwa nota kadhaa. Kwa Kiswahili, ambacho silabi zake ni nyingi na huimbwa upesi, ukurasa wa namna hiyo hujaa vikia hata pigo lisionekane. Kwa rai yangu boriti ifuate pigo, na silabi iliyorefushwa ionyeshwe kwa upinde.

Nawaomba, basi, kabla ya kuugawa wimbo wowote, mtoe fotokopi ya fotokopi yake na kuitazama kwa umbali wa mwimbaji. Na palipojaa wino, isogezeni boriti robo ya nafasi kwa mkono wenu wenyewe.