Maji Yenye Tope

Fungueni Biblia zenu pamoja nasi, Mithali 17, mstari wa 14. Hapo mwenye hekima aufananisha mwanzo wa ugomvi na maji yaliyofunguliwa, naye atuonya tuuache mapema.

Sisi wa Kakamega twayajua maji. Mvua yetu si haba. Mto Isiukhu huyapeleka maji yake Nzoia, na Nzoia huteremka hadi Budalang'i, ambako matuta ya kuzuia mafuriko yamevunjika mara nyingi na watu wakahama nyumba zao. Kwa hiyo wengine hujenga bwawa dogo la udongo bondeni, ili maji ya mvua kubwa yashikwe kwanza, kisha yatoke polepole.

Udongo wa mfinyanzi huwekwa tabaka kwa tabaka na kushindiliwa. Pembeni huchimbwa mfereji wa kupitisha maji yanayozidi, maana yakipita juu ya tuta hulila. Juu yake hupandwa nyasi, wala si miti, kwa kuwa mzizi ukioza huacha tundu. Fuko naye huchimba njia yake.

Maji machache yakichuruzika chini ya tuta, yatazameni rangi. Yakitoka na tope, ni hatari: tope hilo ni tuta lenyewe, linaondoka kidogo kidogo kutoka ndani, na huku nje nyasi zingali mbichi. Hatujasahau Solai, kule Nakuru, usiku wa tarehe 9 Mei 2018. Bwawa la shambani lilivunjika, na watu zaidi ya 40 wakafa.

Sisi nasi tuliliona tope kijijini kwetu. Tuliliona, tukapita. Mwenye boma lililo chini ya bwawa tulikuwa tumekosana naye kwa ajili ya mpaka wa shamba. Kila mmoja wetu alisema moyoni, "Na ajionee mwenyewe." Tulipita hapo siku tatu, hata Jumapili, vitabu vya nyimbo mkononi.

Siku ya nne mjane mmoja alimwendea, akamwambia, "Mzee, maji yanatoka na tope." Mzee hakuuliza habari za mpaka. Alichukua jembe, akatuita sote. Tuliona haya, lakini tulikwenda. Tuliuchimba mfereji ukashuka, maji yakapungua, ndipo tukafukua lile tundu na kulishindilia upya. Usiku wa pili mvua kubwa ilinyesha. Tuta lilisimama, na watoto wa boma lile waliamka salama.

Ndugu zangu, kama wasingeamka, tungemjibu Mungu nini? Tope la kwanza halikuwa bondeni, lilikuwa mioyoni mwetu. Kwa nje tulikuwa wabichi kama nyasi: twaimba, twatoa sadaka. Ndani chuki ilikuwa ikila udongo.

Wazee husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini mtoto aliyechukuliwa na maji hajengwi tena. Basi, yuko jirani usiyesema naye? Mwendee leo, kabla mvua haijanyesha.

Na tuombe. Ee Bwana, utuonyeshe tope lililo ndani yetu, utupe miguu ya kumwendea ndugu yetu. Kwa Yesu Kristo, Mwokozi wetu. Amina.