Moyo Unaposimama Ghafla

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ama baada ya kumhimidi Mola na kumsalia Mtume wake (S.A.W.), maneno haya yahusu mtu aangukaye ghafla akadhaniwa amekwisha kufa.

Moyo wa mwanadamu huendeshwa na umeme mdogo aliouweka Mwenyezi Mungu ndani yake. Umeme huo ukivurugika, vyumba vya chini vya moyo hutetemeka ovyo, visiweze kusukuma damu. Mara mtu huanguka, hana fahamu wala mapigo. Sababu kubwa ni kuziba kwa mishipa ya damu ya moyo. Nyingine ni maradhi ya misuli ya moyo, yakiwamo ya kurithi, na kupigwa na umeme.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mgonjwa aweza kukoroma na kutweta kwa vituo, na walio karibu husema ni sakarati, wakamwelekeza kibla na kumsomea Yasini. Kumbe mlango wa tiba ungali wazi, ila wafungwa upesi, kwani ubongo usiopata damu huanza kuharibika baada ya dakika chache.

Lipasalo ni hili. Mmoja na aite msaada wa hospitali. Mwingine amlaze mgonjwa chali mahali pagumu, aweke viganja viwili, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua, akandamize kwa nguvu kadiri ya sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, akikiacha kifua kiinuke kila mara. Akichoka apokewe. Wasiache mpaka mgonjwa azinduke, au ije mashine ya kuushtua moyo kwa umeme, ambayo ndiyo huukomesha mtetemo ule.

Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka akicheza mpira London tarehe 17 Machi 2012, umri wake miaka 23. Moyo wake ulisimama dakika 78. Waliomhudumia hawakukata tamaa, naye akapona.

Wala mwanamke asiachwe afe kwa haya ya kumgusa. Wanazuoni wamekubali kwamba dharura huruhusu yaliyokatazwa.

Ajali i mikononi mwa Mola, lakini Mtume (S.A.W.) ameuhimiza umma wake kutafuta dawa, na Suratul Maida, aya ya 32, yamtukuza mwenye kuokoa nafsi moja. Basi kila msikiti na uwe na watu, wanaume na wanawake, waliofundishwa kazi hii. Yasini na isomwe, na mikono iwe kifuani.

Wabillahi taufiq.