Si Kila Homa ni Malaria: Pima Mkojo wa Mtoto

Leo tunazungumzia ugonjwa wa njia ya mkojo kwa watoto wadogo.

Hapa kwetu mtoto akipata homa, wengi husema ni malaria. Lakini kama amepimwa na malaria haikuonekana, hana kikohozi wala mafua, na mwili bado ni moto, uliza: je, mkojo umepimwa?

Ugonjwa huu huletwa na bakteria, ambao mara nyingi hutoka kwenye choo kikubwa na kuingia njia ya mkojo. Wasichana huupata zaidi kwa sababu njia yao ni fupi.

Mtoto mchanga hawezi kusema anaumwa wapi. Huwa na homa, hutapika, hukataa kunyonya, hulialia au haongezi uzito. Aliye mkubwa kidogo hulia akikojoa, hukojoa kidogo kidogo kila mara, huumwa chini ya kitovu, au huanza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha. Mkojo waweza kuwa na harufu mbaya, ukungu au damu.

Ufanye nini? Mpeleke kituo cha afya kabla ya kumpa dawa yoyote ya kuua bakteria. Dawa ikitangulia, huenda maabara isiwaone. Mwoshe sehemu za siri kwa maji safi. Acha mkojo wa kwanza umwagike, kisha kinga unaofuata kwa chupa safi uliyopewa. Mtoto mchanga mnyonyeshe kwanza, halafu msugue polepole chini ya kitovu kwa kitambaa chenye maji baridi, chupa ikiwa tayari mkononi.

Akipewa dawa, maliza zote hata homa ikiisha mapema. Usinunue tembe mbili tatu dukani. Ugonjwa usiotibiwa vizuri hupanda hadi kwenye figo na waweza kuacha makovu.

Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye homa, anayetapika kila kitu au aliyelegea, mkimbize hospitali siku hiyo hiyo. Huenda akahitaji sindano.

Ili kuzuia, mpanguse kutoka mbele kwenda nyuma na ubadilishe nepi mapema. Aliyepita miezi 6 mpe maji safi, matunda na mboga ili asifunge choo. Mfundishe asizuie mkojo.

Mweleze na jirani yako.