Kila Nyota na Mahali Pake

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi habari za nyota, na jinsi kila moja ilivyopewa mahali pake katika ramani.

Usiku mmoja tuliwatoa wanafunzi wetu uwanjani, tukamwuliza mmoja wao, "Kilimia kiko wapi?" Akajibu, "Kiko juu ya mwembe ule, Mwalimu." Mwenziwe aliyesimama mbali kidogo akakataa, maana kwake kilikuwa juu ya paa la jiko. Wote wawili walisema kweli. Lakini baada ya saa moja Kilimia kilikuwa kimekwisha panda, na maneno yao hayakufaa tena. Tena hapana hata mmoja ambaye angaliweza kumwandikia ndugu yake wa mbali mahali pa kutazama.

Dawa ya shida hii waliipata wataalamu wa kale. Walikata shauri kuihesabu mbingu kuwa ni tufe kubwa lenye uwazi, dunia imo katikati, na nyota zote zimebandikwa upande wa ndani. Tufe hilo halipo. Twajua ya kuwa Kilimia ki mbali nasi yapata miaka 440 ya mwendo wa nuru, na Aldebaran, nyota nyekundu ionekanayo jirani yake, miaka 65 tu. Lakini mtu atakaye kujua aelekeze macho wapi hana haja na umbali. Yamtosha kujua upande.

Basi, mhimili wa dunia ukirefushwa hata mbinguni huonyesha ncha mbili za mbingu, na ikweta yetu ikipanuliwa huwa ikweta ya mbingu. Kila nyota hupewa hesabu mbili. Ya kwanza ni digrii zake kaskazini au kusini ya ikweta hiyo. Ya pili huhesabiwa kwa saa, toka 0 hata 24, kwenda mashariki, kuanzia pale jua livukapo ikweta mwezi wa Machi. Kilimia ni digrii 24 kaskazini, saa 3 na dakika 47. Aldebaran ni digrii 16 na nusu kaskazini, saa 4 na dakika 36. Kwa hiyo kwetu, karibu na ikweta, Aldebaran huchomoza nyuma ya Kilimia kwa dakika 45 hata 50. Jina lake limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni mfuasi.

Katika karne ya pili Ptolemy wa Iskanderia, nchi ya Misri, aliorodhesha nyota zaidi ya 1,000. Mwaka 1718 Mwingereza Edmond Halley alilinganisha hesabu za kale na za zamani zake. Alipokwisha kuondoa tofauti iletwayo na kuyumba kwa mhimili wa dunia, aliona kwamba Sirius na Arcturus zimehama, kadiri ya upana wa mwezi mpevu au zaidi. Nazo ni nyota ambazo watu wote waliziita zisizohama!

Angalieni basi: tufe la kudhania tu ndilo lililofichua ukweli. Kama wazee wale wangaliandika "juu ya mwembe", Halley asingalijua neno.

Mwezi wa Desemba, jua likiisha kuchwa, tazameni mashariki. Kitafuteni Kilimia, kisha mtazameni mfuasi wake. Kwa herini.