Kifaa cha Kusikia Ni Mwanzo Tu: Kumsaidia Mtu Mzima Ambaye Masikio Yamepungua Nguvu

Mazungumzo ya afya ya kusomwa katika mabaraza ya wananchi



Pengine mnamfahamu mzee wa namna hii. Zamani alikuwa wa kwanza kufika barazani na wa mwisho kuondoka. Siku hizi anakaa nyuma. Wengine wakicheka naye anacheka, ingawa hakusikia kilichochekesha. Hospitalini jina lake linaitwa mara mbili, haitikii, na anaitwa anayemfuata. Nyumbani wajukuu wanasema babu amekuwa mkali. Kisha siku moja familia inaketi kujadili shamba. Watoto wanazungumza wenyewe kwa wenyewe, karatasi inapitishwa, na mzee anaonyeshwa pa kutia sahihi. Anatia sahihi jambo ambalo hakulisikia.

Mzee huyo hajachanganyikiwa, wala hana kiburi. Masikio yake yamepungua nguvu, na walio karibu naye hawajajua la kufanya.

Hayuko peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 430 duniani wana upungufu wa kusikia unaohitaji huduma za kuwarejeshea uwezo wa kuwasiliana. Kati ya waliopita umri wa miaka 60, zaidi ya mmoja katika kila wanne ana tatizo hilo. Wengi wao wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, Kenya ikiwa mojawapo.

Kwa watu wengi upungufu huu huja polepole. Sauti nyembamba kama s, f, sh na t ndizo hupotea kwanza, huku sauti nzito zikiendelea kusikika. Maneno kama kata, pata na pasa huanza kufanana. Ndiyo maana mtu husema, "Nasikia unaongea, lakini sielewi unasema nini." Mtu wa namna hiyo hasaidiwi kwa kupigiwa kelele. Kelele huongeza sauti ambazo tayari anazisikia, humkunjia anayesema uso, na humfanya anayesikiliza ahisi anagombezwa.

Hatua ya kwanza ni kupimwa. Si kila upungufu wa kusikia ni wa uzee. Wakati mwingine ni nta iliyojaa na kukauka, na mhudumu wa afya akiitoa kusikia kunarudi siku hiyo hiyo. Wakati mwingine ni usaha au ngoma ya sikio iliyotoboka, na hayo yana matibabu. Zipo pia dawa, zikiwemo baadhi ya sindano zilizotumika kwa muda mrefu kutibu kifua kikuu, ambazo zinaweza kudhuru masikio. Anayetumia dawa yoyote akasikia mlio masikioni au kusikia kukapungua amweleze daktari mapema, lakini asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Mtu ambaye sikio limeziba ghafla, kwa saa chache au siku mbili tatu, asisubiri. Aende hospitali siku hiyo, kwa sababu matibabu yanayochelewa huenda yasisaidie. Na kwa kila mtu: njiti ya kiberiti, ufunguo, kijiti cha pamba na mafuta ya moto visiingizwe sikioni.

Safari huanzia kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Anayehitaji uchunguzi zaidi hupewa rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo, au kwa mtaalamu wa kupima usikivu. Asiyejua pa kuanzia amuulize mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake.

Baada ya vipimo, huenda mtaalamu akapendekeza kifaa cha kusaidia kusikia. Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Kifaa kinanunuliwa, mzee anakivaa siku mbili, kisha kinaishia kwenye droo. Watu wanasema fedha zimepotea. Ukweli ni kwamba kifaa hakimrudishii mtu masikio ya ujana. Kinakuza sauti, na ubongo uliozoea kimya unahitaji wiki kadhaa kuzoea tena. Siku za kwanza sahani zikigongana zinaumiza, na hata sauti yake mwenyewe inamshangaza. Aanze kwa saa chache katika chumba kitulivu, na mtu mmoja. Kisha aongeze muda, ajaribu redio, halafu mazungumzo ya watu watatu. Soko na kituo cha matatu vije mwisho. Kikimuudhi, arudi kwa mtaalamu kirekebishwe.

Kifaa kifutwe kila siku kwa kitambaa kikavu, kisiingie maji, na betri ya akiba iwepo. Kijana mmoja nyumbani apewe kazi ya kujua namna ya kuibadilisha. Kifaa cha mtu mwingine, hata kilichoachwa na marehemu ndugu, kisivaliwe kabla mtaalamu hajakipima na kukirekebisha, kwa sababu kila sikio lina kipimo chake.

Lakini sehemu kubwa ya msaada haiuzwi dukani. Iko katika namna watu wanavyozungumza naye. Mguse bega au mpungie mkono kabla ya kuanza. Kaa mbele yake, mwanga ukiwa usoni pako, ili aone midomo. Zima redio. Sema taratibu kwa sauti ya kawaida, mmoja baada ya mwingine. Asipoelewa, usirudie neno lile lile mara tano, badilisha maneno. Badala ya "Kesho kliniki", sema "Kesho asubuhi unaenda kumwona daktari". Jambo lenye tarehe, fedha au kipimo cha dawa liandikwe au litumwe kwa ujumbe wa simu.

Neno baya kuliko yote kumwambia ni "Achana nayo, si muhimu." Ndilo humfundisha kuacha kuuliza. Anayeacha kuuliza huacha chama, huacha ibada, na mwishowe huacha kutoka nje. Mwaka 2020, jopo la wataalamu la jarida la tiba la Lancet liliutaja upungufu wa kusikia miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni, na ambayo yanaweza kushughulikiwa mapema.

Mwenye upungufu naye ana sehemu yake. Asijifanye amesikia. Aseme wazi, "Masikio yangu ni mazito, tafadhali nitazame unaposema." Hakuna aibu katika maneno hayo, kama isivyo aibu kuvaa miwani.

Haki pia ipo. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, na ya kutumia lugha ya ishara au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa. Ambaye upungufu wake ni mkubwa anaweza kupimwa katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa, kisha ajisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo miongoni mwa kazi zake ni kusaidia katika upatikanaji wa vifaa saidizi.

Kwa walio bado na masikio mazima, hasa mafundi wa jua kali, wasaga unga na wapasua mawe: kanuni za kelele kazini za mwaka 2005 zinakataza mfanyakazi kukaa katika kelele ya zaidi ya desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Asiye na kipimo atumie hiki: ikiwa lazima upaze sauti ili aliye umbali wa mkono akusikie, kelele hiyo inadhuru. Vaa vizibo. Seli za ndani ya sikio zikifa hazioti tena.

Sasa mrudieni yule mzee. Familia inapoketi tena, awekwe katikati, si pembeni. Azungumze mtu mmoja kwa wakati. Kabla ya kalamu kutolewa, aulizwe kwa heshima: "Mzee, hebu tueleze jambo hili ulivyolielewa." Akilieleza sawasawa, atie sahihi. Asipolieleza, karatasi isubiri. Shamba halitahama, na mwenye shamba atakuwa amesikilizwa.