NANI AJARIBIWE?
Sharia za Kujaribu Njia Mpya za Kusafisha Taka za Sumu

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Kamati ya tawi imenitaka niseme machache juu ya taka za sumu, nami nimeitika kwa furaha, ijapokuwa mimi si tabibu wala si mwalimu wa sayansi. Kazi yangu ni duka. Walakini jambo nililolichagua ni jambo la mizani, la kuhesabu siku na la kuandika daftari, na katika mambo hayo matatu mwenye duka hahitaji kushikwa mkono. Nataka kueleza jinsi dola ya Marekani ilivyowawekea sharia watu wanaojaribu njia mpya za kusafisha sumu iliyomwagwa ardhini: kitu gani walikubali kukilegeza, na kitu gani walikataa kisiguswe na mtu yeyote.

Kwanza tujue shida ilikotoka. Katika mji wa Niagara Falls, jimbo la New York, palikuwa na mfereji uliochimbwa zamani ukaachwa, jina lake Love Canal. Kuanzia mwaka 1942 mpaka 1953 kampuni ya Hooker Chemical ilitupa humo kiasi cha tani 21,000 za taka za viwandani, kisha ikaufukia, ikaiuza ardhi hiyo kwa halmashauri ya skuli kwa thamani ya dola moja. Ndiyo, dola moja. Skuli ikajengwa, nyumba zikaizunguka, na mvua iliponyesha sumu ikapanda juu mpaka kwenye vyumba vya chini vya watu. Mwezi wa Agosti 1978 Rais Carter alitangaza hali ya hatari mahali hapo, na jamaa nyingi zikahamishwa.

Wamarekani walikuwa tayari wamekwisha tunga sharia mwaka 1976 ya kuzifuata taka za sumu tangu zinapozaliwa kiwandani mpaka zinapozikwa. Baada ya Love Canal wakaongeza nyingine mwaka 1980 ya kusafisha mahali palipokwisha haribika, na kumdai gharama aliyepaharibu. Sharia ile ya 1976 ilikuwa na neno moja zito: mtu yeyote anayeweka, anayetibu au anayetupa taka za sumu sharti awe na kibali cha serikali. Kibali hicho si karatasi ya kupigwa muhuri asubuhi ikatoka adhuhuri. Ni vitabu vya michoro na hesabu, na kukipata huweza kuchukua miaka.

Hapo ndipo lilipozuka fundo. Kwa miaka mingi kusafisha kulikuwa hakuna maana ila kuhamisha: udongo wenye sumu unachimbwa hapa, unapakiwa katika magari, unazikwa kule. Sumu haipungui hata chembe. Inabadilisha jirani tu. Mwaka 1986 Baraza la Congress lilisahihisha sharia ya usafishaji likasema kwamba njia zinazoiua sumu au kuipunguza kabisa zipendelewe kuliko kuihamisha, na likaanzisha mpango wa serikali wa kuzipima njia mpya mahali penyewe palipoharibika. Vyema. Lakini mtaalamu aliyegundua vijidudu vinavyokula mafuta machafu, au chombo cha kuosha udongo, atajuaje kama kitu chake kinafaa bila ya kukijaribu juu ya sumu yenyewe? Na akichukua ndoo moja ya udongo ule akaitia dawa yake, mbele ya sharia amekuwa mwenye kutibu taka za sumu, sawasawa na kiwanda kizima. Sharia iliyowekwa kuwalinda watu ikawa imesimama mlangoni na kuizuia dawa isiingie.

Ndugu zangu, zipo njia mbili za kufungua fundo kama hili. Moja ni kusema: wataalamu ni watu wa maana, waacheni wafanye watakavyo. Ya pili ni kukaa chini na kupima. Wao walipima, na napenda tutazame walivyopima.

Mwaka 1984 walitoa kibali cha namna mbalimbali na vile vya kawaida, kwa ajili ya utafiti na majaribio tu. Kibali hicho muda wake hauzidi mwaka mmoja. Chaweza kuongezwa mara tatu, na kila mara si zaidi ya mwaka. Basi mtu hawezi kusema anajaribu, akajaribu mpaka wajukuu zake wakaoa. Ndani ya kibali huandikwa aina ya taka na kiasi chake, na vipimo ambavyo mwenye kazi lazima avitoe kwa serikali. Na kwa ajili ya kuharakisha mambo, mkuu wa Shirika la Hifadhi ya Mazingira la nchi hiyo alipewa uwezo wa kulegeza au kuondoa masharti ya kuomba na kutoa vibali.

Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipokusudia kufika. Alipewa uwezo wa kuyalegeza masharti hayo, ila mawili. Hawezi kulegeza sharti la dhamana ya fedha pamoja na bima, yaani mwenye jaribio lazima aonyeshe mapema fedha za kulipia madhara na za kufungia kazi yake. Na hawezi kulegeza taratibu za kuwashirikisha raia, yaani watu watangaziwe, wapewe nafasi ya kusema, na maneno yao yapokelewe kabla ya kibali kutoka. Michoro yaweza kupunguzwa, na fomu zaweza kufupishwa. Lakini mfuko wa fedha na sikio la raia havipunguzwi, hata kwa hoja ya kwamba sayansi ina haraka. Juu ya hayo, mkuu huyo anaweza kuamuru kazi yote isimame papo hapo, siku yoyote, akiona afya ya watu au mazingira yamo hatarini.

Sisi tuliozoea kuletewa habari za jambo baada ya jambo lenyewe kwisha tunaweza kupima wenyewe uzito wa kifungu hicho. Simaanishi kwamba Wamarekani ni malaika; watu waliofukia tani 21,000 wakaweka skuli juu yake hawahitaji sifa kutoka kwangu. Lakini kifungu kizuri ni kizuri hata kama mwandishi wake ana madeni.

Hata hivyo, kibali cha mwaka mmoja kilikuwa bado ni kizito kwa mtu wa maabara mwenye chupa na ndoo. Kwa hiyo mwezi wa Julai 1988 ikatoka kanuni ya pili, na hii ndiyo kanuni ya mizani. Mtu mwenye kufanya jaribio dogo, la kutazama tu kama taka fulani hutibika kwa njia fulani, husamehewa kibali akikaa ndani ya kipimo. Kipimo ni kilo 1,000 za taka za sumu kwa kila aina ya taka na kila njia inayojaribiwa. Kwa zile sumu kali mno, zinazoua kwa kidogo, ni kilo moja tu. Maabara yenyewe lazima iiandikie serikali siku 45 kabla ya kuanza. Kwa taka zenyewe, zisizochanganyika na udongo, katika siku moja haianzi kutibu zaidi ya kilo 250. Jaribio likimalizika, mabaki hayakai zaidi ya siku 90, na kwa vyovyote hayapiti mwaka mmoja tangu sampuli ilipotumwa. Baada ya hapo hurudishwa kwa mwenye taka, au hushikwa na sharia kamili kama taka nyingine. Daftari la kila sampuli huwekwa miaka mitatu, na kila mwaka ripoti hupelekwa.

Tena jaribio hilo la msamaha halina ruhusa ya kuweka taka juu ya ardhi, wala kuzichoma moto mahali pa wazi. Ni ndani ya chombo. Anayetaka kujaribu juu ya ardhi, basi msamaha huu haumfikii. Na arudi kwenye kibali, na dhamana, na raia wa kumsikiliza.

Wataalamu walilalamika kwamba kilo 1,000 hazitoshi. Udongo ni mzito, na kitu kilichofaulu ndani ya ndoo chaweza kushindwa ndani ya gari. Malalamiko hayo yalikuwa na haki, na mwaka 1994 kipimo kwa udongo na maji yaliyochafuka kikapandishwa mpaka kilo 10,000, na kwa yaliyochafuliwa na sumu kali mno, kilo 2,500. Majaribio ya vijidudu yakapewa miaka miwili badala ya mmoja, maana kiumbe hai hakifuati kalenda ya afisi. Lakini taka zenyewe, zisizochanganyika na udongo, zikabaki kwenye kilo 1,000. Naona katika msamaha huu upungufu mmoja: maabara huiandikia serikali tu, na jirani wa maabara hana barua. Kilo 10,000 ni tani kumi. Mzigo huo ukiingia mtaani mwangu ningependa kujua. Wakati huohuo majimbo hayakulazimishwa kuufuata msamaha. Jimbo lililotaka kuwa kali zaidi liliachiwa ukali wake, na hilo kwangu ni jema.

Juu ya matanuri ya kuchomea sumu nitapita mbio. Tanuri haliachiwi kufanya kazi kwa maneno ya fundi wake. Hufanyiwa jaribio la moto, na lazima lithibitishe kuwa katika kila sehemu 10,000 za sumu iliyoingia haipenyi zaidi ya sehemu moja. Kwa taka za dioksini, haipenyi zaidi ya sehemu moja katika milioni. Mji wa Times Beach, jimbo la Missouri, ambao barabara zake zilimwagiwa mafuta yenye dioksini ili kutuliza vumbi, ulinunuliwa na serikali baada ya mwaka 1983 ukahamwa. Tanuri lilijengwa hapo, likajaribiwa, na katika miaka ya 1996 na 1997 likachoma tani zipatazo 265,000 za udongo na taka, zake na za mahali pengine.

Sasa tutazame upande wetu wa bahari. Mwaka uleule wa 1988, Marekani walipokuwa wakibishana juu ya kilo moja, katika bandari ya Koko nchini Nigeria yaligunduliwa maelfu ya mapipa ya sumu kutoka Italia, yaliyowekwa katika kiwanja cha mtu kwa kodi ndogo. Hapakuwa na mizani wala daftari. Makelele ya Koko yalisaidia kuleta Mapatano ya Basel mwaka 1989, na Waafrika wakaona hayatoshi, wakatia saini yao wenyewe Bamako mwaka 1991, ya kuzuia taka za sumu zisiingizwe Afrika kutoka nje. Marekani ilitia saini ya Basel mwaka 1990, na mpaka leo haijayathibitisha. Mizani yao ni ya nyumbani. Haisafiri na meli.

Na hapa karibu, Vikuge, wilaya ya Kibaha, Mkoa wa Pwani, mwaka 1986 ziliwasili tani 170 za dawa za kuulia wadudu, msaada kutoka Ugiriki, na baadhi yake zilikuwa zimekwisha pitwa na muda. Banda lililozihifadhi lilianguka. Baadaye mzigo ukaondolewa, lakini wataalamu waliopima udongo walitangaza mwaka 2004 kwamba ardhi imebaki na sumu nzito hata baada ya kusafishwa. Ardhi ya namna hiyo ndiyo inayotafutwa na kila mwenye njia mpya, na pengine njia yake ni ya kweli, na watu wanaihitaji. Basi akija mtu wa namna hiyo, popote katika nchi hii, na aulizwe: umeijaribu wapi kabla ya hapa, na kwa kilo ngapi? Mabaki yatarudi kwa nani, baada ya siku ngapi? Fedha za dhamana ziko wapi? Nani ana uwezo wa kukusimamisha leo hii? Na wakaazi wa hapa wametangaziwa lini?

Hesabu za kilo na siku nilizozitaja nimemwandikia Katibu katika karatasi moja, na atakayependa kuzinakili atazipata kwake.