Mavazi ya Sauli

Vijana wetu wa Siongiroi husikia sifa za Wilson Kiprugut wa Kericho, na asiyeweza mbio hujiona si kitu. Lakini Kiprugut mwenyewe, huko Tokyo mwaka 1964, alimaliza wa tatu katika mita 800. Na shaba ile ndiyo medali ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki.

Daudi alivikwa mavazi ya vita ya Sauli, akashindwa kutembea nayo. Akayavua, akashika kombeo lake la malishoni. Hakumdharau mfalme, alikwenda na kile ambacho Mungu alimzoeza.

Ndugu, mheshimu aliyekutangulia, ujifunze kwake, kisha umrudishie mavazi yake. Bwana anauliza: kombeo lako umeliweka wapi? Amina.